Wu Gongyi: Mzee wa tai chi aliyepanda ulingoni, hakushinda wala hakushindwa

Ukikutana na video ya tai chi kwenye simu yako, mara nyingi utaona kitu kilekile. Watu wazima wamesimama bustanini alfajiri, wanainua mikono polepole kama wanaogelea hewani. Hakuna kelele, hakuna kukimbizana. Unatazama sekunde kadhaa, kisha unajiuliza: hivi na huku nako ni kupigana?

Swali hilo ni la zamani. Januari 1954 lilimpeleka ulingoni mwanaume aliyekuwa ameshavuka miaka 50, mbele ya maelfu ya watu, dhidi ya mpinzani aliyekuwa mdogo kwake kwa zaidi ya miaka 15. Mzee huyo aliitwa Wu Gongyi.

Pambano lake liliishia raundi ya pili. Hakushinda. Hakushindwa. Na majaji hawakutaka hata kuliita sare.

Lakini ukifuatilia yaliyotokea baada ya hapo, utakuta yanagusa hadi zile filamu za kung fu ambazo wengi wetu, au kaka zetu, tulizitazama kwenye vibanda umiza. Twende taratibu.

Mtoto wa familia ya walinzi

Kwanza, jina. Kwa Wachina jina la ukoo linatangulia, kwa hiyo Wu ni jina la familia. Na kwenye dunia ya tai chi, Wu si jina la mtu yeyote tu.

Babu yake, Wu Quanyou, alizaliwa 1834. Alikuwa Mmanchu, kabila la watawala wa China wa wakati huo, na alikuwa askari wa kikosi cha walinzi wa kifalme jijini Beijing. Huko alikutana na Yang Luchan, mwalimu aliyeileta tai chi mjini kutoka kijiji cha ukoo wa Chen, mkoa wa Henan. Quanyou alijifunza kwake na kwa mwanawe, Yang Banhou.

Sifa kubwa ya Quanyou ilikuwa moja: kulainika. Ukimsukuma hukuti ukuta, unakuta mlango umefunguka na wewe mwenyewe unaelekea chini.

Baba, Wu Jianquan, aliyezaliwa 1870, ndiye aliyeipa staili hiyo sura yake. Hatua fupi, mizunguko midogo, mwili unaoegemea mbele kidogo huku mgongo umenyooka. Aliondoa miruko na vishindo, mwendo ukawa laini mwanzo hadi mwisho. Leo inaitwa tai chi ya Wu, na ni moja ya staili kubwa 5 duniani pamoja na Chen, Yang, Sun na Wu nyingine inayoandikwa kwa herufi tofauti za Kichina.

Wu Gongyi alikuwa mtoto wa kwanza wa kiume wa Jianquan. Alizaliwa karibu na mwaka 1900. Babu alifariki 1902, kwa hiyo mtoto huyu alibaki na baba kama mwalimu wake mkuu. Na tuelewane: mtoto wa kwanza kwenye familia kama hiyo hachagui fani. Fani imeshamchagua.

Ufalme waanguka, tai chi yageuka kazi

Mwaka 1911 mapinduzi yalianza na muda mfupi baadaye ufalme ukaanguka. Walinzi wa kifalme hawakuwa tena na mfalme wa kumlinda. Ujuzi uliokuwa wa kambini ukatakiwa utafute riziki mtaani.

Jianquan akaanza kufundisha raia kwenye taasisi ya mafunzo ya mwili jijini Beijing. China wakati huo ilikuwa imechoka kuitwa mgonjwa wa Asia, na wasomi walitaka wananchi wenye miili imara. Tai chi ikapata wanafunzi wapya: makarani, walimu, wafanyabiashara, watu ambao hawakuwahi kushika mkuki.

Hapo ndipo ile sura ya bustanini tunayoiona leo ilianza kujengeka. Na hapo hapo ndipo lawama ilizaliwa. Wapiganaji wa staili nyingine walianza kunong'ona kwamba tai chi imekuwa mazoezi ya afya tu, kwamba haina meno.

Gongyi mwenyewe hakuwa mtu wa bustanini tu. Miaka ya 1920 yeye na mdogo wake, Wu Gongzao, walikuwa maofisa wa jeshi. Mwaka 1928 baba yao alihamia Shanghai, na 1935 akaanzisha humo chama cha tai chi chenye jina lake. Familia ikawa na makao, wanafunzi na heshima.

Haikudumu sana. Mwaka 1937 vita na Japani viliifikia Shanghai. Familia ikaanza kujenga kituo kingine kusini, Hong Kong, iliyokuwa chini ya Waingereza. Mwaka 1942 Jianquan akafariki, na uongozi wa ukoo ukamwangukia Gongyi.

Baada ya 1949, Wakomunisti waliposhika China, ukoo uligawanyika. Dada yake, Wu Yinghua, na shemeji yake, Ma Yueliang, walibaki Shanghai wakiendelea kufundisha. Gongyi alifanya Hong Kong kuwa kituo chake.

Hong Kong ya wakimbizi

Hong Kong ya mwanzoni mwa miaka ya 1950 ilikuwa imefurika. Watu walivuka mpaka kwa maelfu kutoka bara. Wengi walilala kwenye vibanda vya mbao na mabati vilivyopandana milimani.

Miongoni mwa wageni hao walikuwamo walimu wa kung fu wa kila aina. Kila mmoja na staili yake, kila mmoja na chumba chake cha kufundishia, na wanafunzi ni walewale wanaogombewa. Jina lilikuwa mtaji. Ukilipoteza jina, umepoteza kodi ya nyumba.

Katika hali hiyo, magazeti ya Kichina ya Hong Kong yakawa uwanja wa mabishano. Mwalimu huyu anasifia staili yake, yule anajibu, na wasomaji wananunua gazeti la kesho kuona nani atasema nini. Ukidhani vita vya maneno mtandaoni ni vya kizazi chetu, basi hujaona magazeti ya Hong Kong ya wakati ule.

Wu Gongyi akaingia kwenye mabishano hayo, akitetea kwamba tai chi ni sanaa ya mapigano kamili. Upande wa pili akasimama Chan Hak-fu, mwalimu wa staili ya Korongo Mweupe, yenye asili inayohusishwa na Tibet. Staili hiyo inasifika kwa ngumi ndefu zinazorushwa kwa mkono ulionyooka, kama mbawa za ndege. Chan alikuwa na miaka thelathini na kitu, damu inachemka.

Maneno yakapanda. Ikafika mahali ambapo hakuna aliyeweza kurudi nyuma bila aibu.

Hebu jiweke kwenye nafasi ya Gongyi. Akikataa, watu watasema ukoo wa Wu unafundisha ngoma ya wazee. Akikubali na kupigwa, kazi ya vizazi 3 inaanguka mbele ya kamera. Na hata akishinda, watu watasema nini? Kwamba mkuu wa ukoo ameshuka kwenda kupigana na kijana. Kijana ana cha kupata. Mzee ana cha kupoteza tu.

Na umri ulimpa njia ya kutokea. Angeweza kumtuma mwanawe au mwanafunzi, na watu wangeelewa. Akaamua kwenda mwenyewe.

Kwa nini Macau?

Tatizo la kwanza lilikuwa sheria. Serikali ya Waingereza haikuruhusu mapambano ya namna hiyo Hong Kong. Jibu lilikuwa ng'ambo ya maji: Macau, iliyokuwa koloni la Wareno.

Tatizo la pili lilikuwa sababu. Watu wazima wawili, walimu wenye heshima zao, wanapigana kwa ajili gani? Msiba mkubwa uliokuwa umetokea wiki chache kabla ukawapa jibu.

Usiku wa Krismasi 1953, moto uliteketeza vibanda vya wakimbizi katika eneo la Shek Kip Mei, Hong Kong. Zaidi ya watu 50,000 walibaki bila makazi kwa usiku mmoja. Moto huo ndio uliosukuma serikali ya huko kuanza kujenga nyumba za umma.

Basi pambano likageuzwa kuwa la hisani. Mapato yangekwenda kwa waathirika wa moto na kwa kazi za misaada za Macau. Ugomvi wa magazetini ukavishwa nguo safi. Na tuseme ukweli, nguo hiyo iliwasaidia wote wawili: sasa hakuna aliyekuwa anapigana kwa ajili ya majivuno, walau kwa maelezo rasmi.

Tarehe ikapangwa: 17 Januari 1954. Watu wakavuka kwa meli kutoka Hong Kong. Jukwaa la mtindo wa ulingo wa ndondi likajengwa, viti vikajaa, wapiga picha wakajipanga. Jaji mkuu alikuwa Ho Yin, mfanyabiashara mwenye ushawishi mkubwa kwa Wachina wa Macau. Miaka mingi baadaye, 1999, Macau iliporudi China, mtoto wake Edmund Ho ndiye aliyekuwa kiongozi wa kwanza wa serikali ya huko.

Raundi mbili

Kengele ikalia.

Kama ulitarajia miondoko ya filamu, pole. Mkanda wa pambano upo hadi leo, mweusi na mweupe, na kinachoonekana humo ni watu wawili wenye presha kubwa. Chan anarusha mikono mirefu. Gongyi, amevaa kanzu ndefu ya Kichina, anasogea kwa hatua fupi, anainua mikono kuzuia, anasukuma, anarudisha.

Kwenye raundi ya kwanza ngumi ya Gongyi ilifika kwenye pua ya Chan, damu ikatoka. Gongyi naye hakutoka salama, alipigwa usoni. Waliokuja kushangilia wakapata walichokuja kutafuta.

Raundi ya pili ikaanza kwa hasira zaidi. Mateke yakaanza kuruka. Hapo waandaaji wakaona mambo yanaelekea pabaya. Raundi zilizopangwa zilikuwa zaidi ya hizo, lakini pambano likasimamishwa.

Majaji wakakaa, wakarudi na uamuzi ambao bado unawachekesha watu hadi leo: hakuna mshindi, hakuna aliyeshindwa, na wala si sare.

Ukisikia mara ya kwanza unadhani ni utani. Lakini fikiria kidogo. Nyuma ya kila mmoja kulikuwa na shule nzima, wanafunzi wenye damu moto, na mji mdogo uliojaa wageni. Ukimtangaza mshindi, umewasha ugomvi mwingine barabarani. Ukisema sare, kila upande utadai ulionewa. Ho Yin na wenzake walichagua kulifunga jambo bila kulitia muhuri. Na fedha za hisani zilikuwa zimeshapatikana.

Mbona haikuonekana kama tai chi?

Hili ndilo swali linaloulizwa chini ya kila video ya pambano hilo. Wengine wanacheka. Wanaona mzee na kijana wanarushiana mikono ovyo, wanasema kumbe kung fu yote ni porojo.

Jibu la haki lina pande mbili.

Kwanza, mazoezi ya ndani ya tai chi hufanyika kwa kugusana. Watu wawili wanaweka mikono pamoja, wanasukumana taratibu, kila mmoja anajifunza kuhisi nguvu ya mwenzake inatoka wapi kabla haijafika. Ukishamgusa mtu, unaweza kumyumbisha. Lakini ulingoni Chan alipiga kutoka mbali na kurudi. Hakukubali kushikwa. Gongyi alilazimika kucheza mchezo ambao nusu yake haukuwa wake.

Pili, na hii haipendezi kwa mashabiki, kupigana na mtu anayetaka kukuumiza kweli ni ujuzi unaojitegemea. Haupatikani kwa kufundisha tu, hata kama umefundisha miaka 30. Upande wa Chan nao ulikuwa vilevile: mbawa za korongo hazikuonekana nzuri sana siku ile. Hofu inachafua staili ya kila mtu.

Kwa hiyo pambano halikuthibitisha kwamba tai chi haishindwi. Lilionyesha kitu kidogo zaidi, lakini cha kweli: kwamba mwanaume aliyevuka miaka 50, aliyelelewa kwa mazoezi yale ya polepole, aliweza kusimama mbele ya kijana, akatoa damu, akapokea kipigo, na hakukimbia.

Siku 3 baadaye

Sasa njoo kwenye sehemu ambayo hakuna aliyeipanga.

Hong Kong nzima ilikuwa inazungumzia pambano. Magazeti yaliuzika kama maandazi ya moto. Mhariri mmoja wa gazeti la jioni, New Evening Post, Luo Fu, akaona fursa. Kama watu wana njaa ya kung fu kiasi hiki, kwa nini tusiwape hadithi ya kung fu kila siku?

Akamwendea mwandishi wake, Chen Wentong, akamtaka aanze mara moja. Tarehe 20 Januari 1954, siku 3 tu baada ya pambano, mfululizo wa kwanza ukaanza kuchapishwa. Chen alitumia jina la uandishi Liang Yusheng.

Mwaka uliofuata, 1955, mfanyakazi mwenzake wa gazeti hilohilo naye akajaribu. Jina lake la uandishi lilikuwa Jin Yong. Huyo ndiye aliyekuja kuwa mmoja wa waandishi wanaosomwa zaidi kwa lugha ya Kichina, vitabu vyake vikageuzwa filamu na tamthilia zisizohesabika.

Wasomi wa fasihi ya Kichina huhesabu Januari ile kuwa mwanzo wa kizazi kipya cha riwaya za mashujaa wa upanga na ngumi. Riwaya zikazaa filamu za Hong Kong. Filamu zikasambaa duniani, zikafika hadi mitaani kwetu. Yaani zile ngumi zilizokatishwa ziliendelea kupigwa kwenye karatasi na kwenye skrini kwa miaka mingi.

Na kuna uzi mwingine. Bruce Lee, unayemjua, alikulia Hong Kong hiyohiyo. Mafunzo yake ya kwanza ya mapigano aliyapata kwa baba yake, na yalikuwa ya tai chi ya Wu, staili ya ukoo wa Gongyi.

Maisha baada ya ulingo

Gongyi hakujenga jina la bondia. Alirudi kwenye kazi yake: kufundisha. Watoto wake, wakiwemo Wu Dakui, Wu Daqi na binti yake Wu Yanxia, walikuwa walimu. Miondoko yake ilijulikana kwa udogo wake, hata kuliko ya baba yake. Mzunguko ambao mwingine angeuchora kwa mkono mzima, yeye aliufanya karibu na mwili.

Huku bara, mambo yalikuwa magumu zaidi. Mapinduzi ya Utamaduni yalipoanza 1966, sanaa za kale na walimu wake waligeuka shabaha. Mdogo wake, Gongzao, alifungwa na kuteswa, akaachiliwa miaka ya mwisho ya 1970. Katika kipindi hicho ambacho kufundisha hadharani nyumbani kulikuwa hatari, tawi la Hong Kong ndilo lililoendelea kuwaka.

Gongyi hakuuona mwisho wa dhoruba hiyo. Alifariki Hong Kong mwaka 1970.

Miaka hiyohiyo ya 1970 ukoo ulifungua shule Toronto, Canada, na kutoka huko staili ikaenea Amerika na Ulaya.

Tai chi ya mashindano leo

Leo mchezaji wa tai chi anayeshindana hapigani kama Gongyi. Tangu 1956, serikali ya China ilipotoa mfululizo uliofupishwa wa miondoko 24, tai chi ilianza kupata sura ya mchezo wa viwango. Mwaka 1990 wushu, familia ya michezo ambamo tai chi imo, iliingia kwenye Michezo ya Asia jijini Beijing. Mshindani anapanda zulia peke yake, majaji wanatazama usawa wa mwili, ubora wa mwendo na ugumu wa miruko, halafu wanatoa alama. Hakuna pua inayotoka damu.

Desemba 2020 UNESCO iliiweka tai chi kwenye orodha ya urithi wa utamaduni wa binadamu. Mwaka huohuo wushu ilipitishwa kuwa sehemu ya Olimpiki ya Vijana ya Dakar, Senegal.

Mshindani wa leo anapata alama, medali, wimbo wa taifa. Wu Gongyi alipanda mara moja, umri umeenda, akashuka bila chochote cha kuonyesha zaidi ya uso uliopigwa na uamuzi usioeleweka.

Asubuhi iliyofuata wanafunzi bado walikuwepo, na mazoezi yaliendelea, polepole kama kawaida. Wewe ungekuwa yeye, ungepanda?